Mfinyo: kinachotokea kwenye mdomo wa ganda la risasi

Neno risasi hubeba maana tatu: madini, kitu kizima kinachoingizwa kwenye bunduki, na kile kipande kinachotoka mtutuni. Anayetaka kueleza ujazaji wa risasi kwa mkono, kazi ambayo wawindaji na walenga shabaha wengi wa Marekani huifanya nyumbani, hana budi kuzitenganisha maana hizo kwanza. Katika makala haya, risasi ni kitu kizima. Kinachoruka ni kichwa cha risasi. Kinachobaki ni ganda la shaba, lenye fataki kitakoni na baruti tumboni.

Baada ya kutia baruti na kukalisha kichwa mahali pake, mjazaji huipitisha risasi kwenye kalibu inayouminya ukingo wa ganda ukishike kichwa. Tendo hilo ndilo ninalopendekeza tuliite mfinyo. Lina namna mbili. Katika mfinyo wa kukunja, ukingo huingizwa ndani ya mfuo uliochongwa kukizunguka kichwa. Huu ndio wa risasi za bastola za silinda. Katika mfinyo wa kubana, ukingo hunyooshwa na kusongwa kidogo tu bila kukunjwa. Huu hutumika kwa risasi kama 9 mm Luger na .45 ACP, ambazo hukaa sawa ndani ya chemba kwa kuegemea ukingo wenyewe wa ganda. Ukikunjwa sana, egemeo hilo hupotea.

Wapo watakaotaka kusema mkunjo, lakini neno hilo linataja namna moja tu kati ya hizo mbili. Mbano nalo linavuta maana ya jambo jingine: jinsi shingo nzima ya ganda inavyokikumbatia kichwa kwa unyumbufu wa shaba. Hilo tuliite mkabo wa shingo. Tofauti hii ina uzito mkubwa, kwa sababu mkabo ndio unaofanya sehemu kubwa ya kazi ya kushika, na mfinyo huongezea tu pale mdomoni.

Je, mfinyo hubadilije mwendokasi? Baruti isiyo na moshi haiungui kwa kasi ileile wakati wote: mgandamizo wa gesi ukipanda, nayo huungua upesi zaidi. Kichwa kikiachia mapema mno, nafasi hupanuka, mgandamizo hulegea, na baruti nyingine huenda ikatoka mtutuni kabla ya kuungua vizuri. Mfinyo hukizuia kichwa kwa kitambo kidogo sana, moto ukashika sawasawa. Faida huonekana hasa kwa baruti zinazoungua polepole, kama Winchester 296 na Hodgdon H110, katika risasi za .357 Magnum ya mwaka 1935 na .44 Magnum ya mwaka 1955. Huko, mfinyo imara unaweza kupandisha wastani wa mwendokasi kidogo. Lakini faida kubwa zaidi ni kwamba risasi moja haitofautiani sana na nyingine.

Tofauti hizo hazionekani kwa macho. Kronografu hupima muda ambao kichwa kinatumia kupita vihisi viwili. Vihisi vikiwa na mita 1 kati yao, kichwa chenye mwendo wa mita 400 kwa sekunde hutumia milisekunde 2.5. Cha mita 404 hutumia takribani 2.475. Mjazaji huzitafuta sehemu hizo ndogo za milisekunde, tena kwa risasi nyingi, kwa kuwa risasi mbili tatu hazithibitishi lolote. Ni lazima pia apunguze maganda yote yawe na urefu mmoja: kalibu ikishafungwa mahali pamoja, ganda refu hufinywa zaidi ya fupi, na vipimo vinachanganyika.

Mfinyo ukizidi, huharibu. Kichwa hupondeka na shabaha hupotea. Zaidi ya hapo, shaba huelekea kurudi nyuma kidogo baada ya kuminywa, ilhali kichwa cha madini laini hubaki kimenywea. Mkabo wa shingo unalegea, na aliyetaka kushika zaidi anaishia kushika kidogo.

Kwa silaha nyingi, sababu ya kwanza ya kufinya ni usalama, si mwendokasi. Bastola ya silinda inaporuka mkononi, vichwa vya risasi zilizobaki huweza kuchomoza mbele na kuizuia silinda kuzunguka. Katika bunduki zenye ghala la bomba, mfano zile za .30-30 Winchester, risasi husukumana kichwa kwa kitako, na kichwa kisichoshikwa vizuri huzama ndani ya ganda na kupandisha mgandamizo. Ndiyo maana mfinyo uandikwe kwenye daftari la mjazaji pamoja na aina ya baruti, uzito wake na urefu wa risasi. Akiubadilisha, ashushe kipimo cha baruti hadi kile cha kuanzia katika mwongozo wa mtengenezaji, kisha apande upya hatua kwa hatua.