Gramu Tatu

Mgodi wa Macalder, huko Nyatike, Migori, ulitoa shaba na dhahabu hadi ukafungwa mwaka 1966. Dhahabu yenyewe haikuisha. Mpaka leo watu hushuka mashimoni, husaga mawe, hukamata chembe kwa zebaki na kuichoma, halafu mnunuzi anapima kwa kimizani cha mfukoni. Huko dhahabu ni gramu, basi.

Ndiyo maana ilinichukua siku mbili kuwashawishi ndugu zangu wa Homa Bay wasiipeleke saa ya marehemu babu Migori ikayeyushwe. Babu alikuwa karani pale Macalder, na saa aliinunua Kisumu. Ni ndogo, nyembamba, ya mkanda wa ngozi; haina tarehe wala madoido, mishale miwili tu na kijishale cha sekunde juu ya namba sita. Saa za siku hizi zinataka kuonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Hii iliundwa ipite chini ya mkono wa shati. Mshale ukiwa kwenye saba, babu alisema saa moja, kama sisi sote.

Tulimpelekea fundi wa saa mjini Homa Bay. Jina lililo usoni hakuliangalia hata. Alichomeka ncha ya kisu, mfuniko wa nyuma ukaachia.

"Uso unapakwa upya, nyakwara. Soma humu ndani."

Saa iliyochovywa tu mara nyingi hujitaja yenyewe: nyuma imeandikwa chuma cha pua, au unene wa dhahabu kwa mikroni, 10 au 20. Uswisi ilipiga kichwa cha mwanamke, Helvetia, kwa karati 18 na kindi kwa karati 14, hadi 1995. Uingereza hupiga 375 kwa karati 9, na nanga ikiwa imepimwa Birmingham, mji wa bara kabisa ambao alama yake ni nanga! Kando yake kuna herufi, na herufi hiyo ndiyo mwaka.

Yetu ilikuwa na nanga, 375, na herufi ya 1956. Yaani mgodi ulikuwa bado unafanya kazi. Siwezi kudai dhahabu hiyo ilitoka Nyatike. Ikishayeyushwa haina kwao. Lakini mhuri una mji na mwaka, na moto wa Migori ungefuta vyote viwili.

Kaka yangu alipiga hesabu papo hapo: gamba gramu nane, dhahabu safi gramu tatu. Mashine ya Uswisi yenye rubi 17, inayotembea baada ya miaka yote hiyo, mnunuzi asingeilipia hata shilingi.

"Gramu tatu ni ada ya shule," alisema. Hakukosea.

Fundi aliisafisha, akaitia mafuta. Sasa kaka ndiye anayeivaa, na huijaza kila asubuhi. Akipita Migori, bado anaulizia bei ya gramu.