Chai na Vikapu vya Mvuke: Safari ya Dim Sum, Ikitazamwa Kutoka Elgon View

Saa nne asubuhi ya Jumamosi, Elgon View hunukia chai. Katika mtaa huu wa Eldoret, wenye nyua za michongoma na nyumba zilizokaa mbali na barabara, maziwa na majani huchemshwa pamoja, tangawizi hupondwa, na thamosi huwekwa katikati ya meza. Pembeni yake hukaa mandazi, viazi vitamu na mkate uliopakwa siagi. Mgeni akiingia na mfuko wa sambusa kutoka mjini, hakuna anayeuliza kama hiyo ni staftahi au chakula cha mchana. Watu huchukua kimoja kimoja, hunywa, huongea, kisha huchukua tena.

Kusini mwa China, desturi kama hiyo ina jina lake. Kwa Kikantoni huitwa yum cha, maana yake kunywa chai. Vitafunio vinavyoisindikiza ndivyo dim sum, maneno ambayo kwa kawaida hufasiriwa kuwa "gusa moyo". Kitu kidogo, hakikusudiwi kujaza tumbo.

Chimbuko lake ni Guangzhou, na hapo mkazi wa Eldoret hana haja ya kuoneshwa ramani. Viatu, mapazia, vioo vya simu na vipuri vya pikipiki vinavyouzwa mjini vingi vimepitia huko. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000, wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wamekuwa wakifikia mitaa ya Xiaobei na Sanyuanli, wakijumlisha bidhaa mchana na kufunga mizigo usiku. Maonesho makubwa ya biashara ya mji huo, yaliyoanza 1957, hufanyika mara mbili kwa mwaka. Msafiri hurudi na risiti, katoni na hadithi za bei. Walichokula wenyeji asubuhi hakimo katika mzigo.

Biashara na chai zilikutana Guangzhou zamani sana. Kuanzia 1757 hadi 1842, huo ndio uliokuwa mlango wa China kwa wafanyabiashara wa baharini kutoka Ulaya, na bidhaa waliyoitafuta kuliko zote ilikuwa majani ya chai. Mji ukajaa makuli, mabaharia, makarani na madalali. Watu wa namna hiyo huamka mapema, na wanahitaji pa kuketi.

Katikati ya karne ya 19 palikuwa na vibanda vilivyoitwa "nyumba za li mbili", kwa kuwa chai yake iliuzwa kwa li mbili, sarafu ya thamani ndogo kabisa. Palikuwa na meza za mbao, mabenchi na birika zito. Aliyebeba mizigo tangu alfajiri alipata chai na kipande cha keki au andazi la mvuke, akapumzisha mgongo, akaondoka. Yeyote aliyewahi kukaa katika hoteli ya mabati karibu na stendi, kikombe mkononi na mandazi mawili kwenye sahani ya plastiki, anakijua kibanda hicho ingawa hajawahi kukiona.

Baadaye zikaja nyumba za chai za ghorofa, zenye ngazi za mbao na madirisha ya vioo vya rangi. Tao Tao Ju ilianza 1880. Mwaka 1889 ikafuata Lianxiang, duka la keki lililopata sifa kwa kinyunga cha mbegu za yungiyungi. Wateja waliagiza kwa msemo mmoja uliotosha: "kikombe kimoja, vipande viwili". Katika miaka ya 1920 na 1930 ushindani ukawa mkali kiasi kwamba wapishi walibadilisha orodha ya vitafunio kila wiki, ili mteja wa Jumatatu iliyopita asiseme amechoka.

Wakati huo ndipo ilipozaliwa har gow, kitafunio ambacho mpaka leo hutumiwa kumpima mpishi. Simulizi za Guangzhou husema ilianzia katika duka dogo la chai la kijiji kilichokuwa kando ya mto, ambako kamba walinunuliwa wangali wakirukaruka. Wanga wa ngano humwagiwa maji ya moto na kukandwa ukiwa bado unaunguza vidole. Donge dogo hubandikwa chini ya ubavu wa kisu kipana kilichopakwa mafuta, kisu huzungushwa mara moja, na kinabaki kiduara chembamba kama karatasi. Kamba huwekwa ndani, kisha ukingo hukunjwa kwa marinda, mpishi hodari akifikisha kumi au zaidi. Baada ya dakika chache za mvuke, unga mweupe hugeuka kama kioo chenye ukungu, na uwaridi wa kamba huonekana ndani. Ngozi ikipasuka wakati wa kuinuliwa, mpishi ameshindwa mtihani.

Vita ndivyo vilivyoihamisha meza hii. Wajapani waliiteka Guangzhou Oktoba 1938, na mwaka 1949 China ikabadilika serikali. Kila mara watu walimiminika Hong Kong, wapishi miongoni mwao. Huko walikuta nyumba za chai zikiwepo tayari. Luk Yu ilifunguliwa 1933, ikapewa jina la Lu Yu, aliyeandika kitabu mashuhuri cha chai katika karne ya 8. Lianxiang nayo ilikuwa imefungua matawi Hong Kong tangu kabla ya vita, jina likitamkwa Kikantoni: Lin Heung. Wasichana walipita kati ya meza wakiwa wamening'iniza masinia shingoni kwa mikanda, wakitangaza walichobeba. Baadaye sinia likapewa magurudumu, na toroli la vikapu vya mianzi likawa alama ya dim sum duniani.

Lin Heung ya Wellington Street ilikuwa mahali pasipo na madaha. Hakuna aliyempeleka mteja mezani. Mtu alivizia kiti kilichokaribia kuachwa, akasimama nyuma ya aliyekuwa akimalizia kikombe, kisha akaketi na watu asiowajua. Chai ililetwa katika bakuli lenye kifuniko, na ile ya kwanza ilitumika kusuuzia vikombe na vijiti. Toroli lilipotoka jikoni, waliokuwa na haraka hawakulisubiri. Waliinuka na kadi zao, wakachagua kikapu, kadi ikagongwa muhuri, na mwisho wa mlo mihuri ndiyo iliyohesabiwa. Zamani zaidi katika nyumba za chai, hesabu ilifanywa kwa kutazama sahani tupu zilizorundikwa mezani.

Nyumba hiyo imezikwa zaidi ya mara moja. Mkataba wa pango ulipoisha mwanzoni mwa 2019, wengi walikwenda kuiaga, lakini ikaendelea mahali pale pale kwa jina lililobadilishwa kidogo. Agosti 2022, baada ya miaka ya UVIKO iliyozuia watu kukaa pamoja mezani, ikafunga kabisa. Wateja walipanga foleni kupiga picha kibao cha mlangoni. Kisha, Aprili 2024, milango ikafunguliwa tena kwa jina la zamani, na toroli likarudi.

Hapo ndipo kisa cha mkahawa uliofufuka kinapovutia. Vyakula vyenyewe havikuwahi kuadimika. Siu mai, vile vifurushi vya unga vilivyojazwa nyama, na mikate ya char siu, yaani nyama ya nguruwe ya kuchoma, vilipatikana kila kona ya Hong Kong, hata kwenye majokofu ya maduka. Kilichokuwa kimekosekana ni kiti cha kugawana na mgeni, kelele, na haki ya kuinuka kulifuata toroli.

Jijini New York, ufufuo ulikuja kwa njia nyingine. Nom Wah Tea Parlor ilianza 1920 katika Doyers Street, kichochoro kilichopinda cha Chinatown, ikijulikana zaidi kwa keki za sikukuu na biskuti za lozi. Wally Tang, aliyeingia hapo akiwa kijana mwajiriwa katika miaka ya 1950, aliinunua 1974. Kufikia uzeeni mwake ilikuwa imepoa. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 akamwachia mpwa wake, Wilson Tang, aliyekuwa ametoka katika kazi za fedha. Mpwa aliacha viti vyekundu na sakafu ya zamani, lakini akaondoa mtindo wa chakula kuzungushwa. Kila kikapu kikaanza kupikwa kinapoagizwa, mchana na usiku. Wazee walinung'unika, vijana wakajaa.

Hong Kong yenyewe, mwaka 2009, mpishi Mak Kwai-pui alitoka katika jiko la hoteli ya kifahari akafungua Tim Ho Wan, chumba chenye viti kama ishirini katika mtaa wa Mong Kok. Katika toleo la 2010 la mwongozo wa Michelin kilipewa nyota, ingawa mlo wake uligharimu pesa ambazo kibarua angeweza kulipa.

Eldoret ina mlolongo wake wa chai na vitafunio. Chai ilipandwa Limuru 1903, na katika miaka ya 1920 makampuni makubwa yakaanza mashamba Kericho. Leo vilima vya Nandi, jirani kabisa na Uasin Gishu, vimefunikwa na kijani hicho. Reli ilifika Eldoret 1924, na pamoja na wenye maduka kutoka Bara Hindi zikaja bhajia na sambusa. Sambusa yenyewe ina ukoo mrefu. Jina lake linatoka Uajemi, na msafiri Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, baadaye aliieleza kama chakula cha jumba la Sultani wa Delhi. Unga uliokunjwa ukafichwa nyama ndani: tofauti yake na ndugu zake wa Guangzhou ni mafuta mahali pa mvuke.

Na kiti cha kugawana kipo. Katika hoteli za mjini saa ya chai, mtu husimama kando ya meza na kuuliza, "Samahani mzee, hapa kuna mtu?" Jibu ni kusogeza kikombe.

Mvuke, hata hivyo, una masharti yake juu huku. Eldoret iko mita zipatazo 2,100 juu ya usawa wa bahari. Kwenye kimo hicho maji hutokota kwenye nyuzi 93 hivi, pungufu ya zile 100 za Mombasa au Hong Kong. Mvuke wake ni baridi kidogo, na andazi lililojazwa nyama huhitaji dakika za ziada kabla ya kuiva katikati. Kamba nao wako mbali: kutoka Mombasa ni karibu kilomita 800 kwa barabara. Anayetaka kujaribu jikoni Elgon View ataona ni rahisi kuanza na siu mai ya nyama ya ng'ombe iliyosagwa, kitunguu cha majani na tangawizi, juu ya jani la kabichi ili isinate. Sahani yenye matundu ndani ya sufuria inatosha, mfuniko ukifungwa kwa kitambaa ili matone yasirudi kwenye unga.

Chai ya maziwa ingewashangaza wazee wa Wellington Street, ambao hunywa pu'er nyeusi isiyo na sukari. Strungi ya Nandi, isiyo na maziwa, ingewafaa zaidi. Adabu za mezani zingewapa wote kazi: Mkantoni akimiminiwa chai hugonga meza kwa vidole viwili kushukuru, desturi ambayo hadithi huiunganisha na mfalme Qianlong aliyetembea kwa kujificha, mtumishi wake akisujudu kwa vidole ili siri isifichuke. Birika likiisha, hufunua kifuniko na kukiacha kimelala upande, na mhudumu huja na maji ya moto bila kuitwa. Elgon View, thamosi hutikiswa tu. Ikisikika nyepesi, mmoja hunyanyuka kwenda kuwasha jiko, na waliobaki huvuta sahani karibu.