Pua na kumbukumbu za wazee

Hapa Dzaleka mzee akisahau njia ya kurudi nyumbani, wapo wanaosema amerogwa, au ni mchawi mwenyewe. Akisahau tarehe za safari yake kutoka Kongo, inasemwa anadanganya. Mkimbizi huulizwa mwaka aliokimbia, mpaka aliovuka, nani alikufa kwanza. Kwa hiyo historia ya ugonjwa wa kusahau inatuhusu, ingawa ilianza kuandikwa mbali.

Mwaka 1901, huko Frankfurt, daktari Alois Alzheimer alianza kumchunguza Auguste Deter, mwanamke wa miaka 51 aliyeshindwa hata kuandika jina lake. Alipofariki mwaka 1906, Alzheimer alichunguza vipande vya ubongo wake kwa darubini. Aliona madonge nje ya seli na nyuzi zilizosokotana ndani yake. Leo tunajua kuwa madonge ni protini ya amiloidi, na nyuzi ni za protini ya tau.

Mwaka 1991 Heiko na Eva Braak walionyesha kuwa nyuzi za tau huanza mapema pale ambapo njia za harufu na za kumbukumbu hukutana. Mwaka 2003 Heiko Braak na wenzake wakaonyesha kuwa katika ugonjwa wa Parkinson, protini nyingine hujikusanya mapema kwenye kituo cha kunusa, juu ya pua. Ndiyo maana mzee anaweza kuacha kusikia harufu ya maharage yanayoungua miaka mingi kabla ya kutetemeka. (Si kila asiyenusa ni mgonjwa, mafua na umri pia hupunguza harufu.)

Kwa muda mrefu iliandikwa kwamba Waafrika hawapati ugonjwa wa Alzheimer, au huupata kwa nadra. Kwa maoni yangu, ni kwa sababu wachache walitazama. Mwaka 1996 J. A. Ogeng'o wa Nairobi, pamoja na wenzake wa Dar es Salaam na Marekani, walichapisha uchunguzi wa bongo za marehemu wa Afrika Mashariki ambao hawakuwa na dalili za kusahau. Baadhi zilikuwa na amiloidi ile ile ya Auguste.

Sheria ya Uchawi ya Malawi, ya mwaka 1911, inakataza kumwita mtu mchawi. Lakini mzee anayechanganya vita vya 1996 na vya 1998 mbele ya meza ya mahojiano hana sheria kama hiyo mkononi. Angepaswa kwanza kuonana na daktari, na swali moja la daktari liwe kama bado anasikia harufu ya chakula.