Baskete: namna ya kumufikishia pivo mpira karibu na kikapu

Ukienda kwenye kiwanja cha baskete siku ya Jumapili, mara nyingi utaona kijana mrefu kupita wote anakimbia huku na huku bila kugusa mpira. Kazi yake ni kuokota ile inayogonga ubao na kurudi, wenzake wanajaribu pointi 3.

Kongo imetoa mapivo wakubwa: Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, aliyecheza NBA tangu 1991 hadi 2009, na Bismack Biyombo wa Lubumbashi. Wote wawili walijulikana kwa kuzuia kuliko kufunga. Lakini pivo hajipi mpira mwenyewe, ni ekipe inamutafutia.

Kwanza tuangalie kanuni. Kwa FIBA, mshambuliaji hawezi kukaa zaidi ya sekunde 3 ndani ya raketi, lakini mlinzi anaweza kusimama mule muda wote. NBA tangu 2001 inamukataza mlinzi kufanya vile kama hana mtu wa kukaba karibu. Kwa hiyo ukiiga tu yale ya televisheni, hapa kwetu unagonga ukuta. Mlinzi huyo atatoka tu kama kuna wapigaji wazuri kwenye pembe, wa kumuogopesha.

Kosa kubwa ni kutupa pase kutoka katikati. Mwenye mpira ashuke pembeni kwa dribuli mbili hivi, pivo amufunge mlinzi kwa mgongo na kuonyesha mkono ulio mbali naye. Pase ipigwe chini, iruke mara moja. Kama mlinzi anasimama mbele ya pivo, usilazimishe: mpira uende kwa mrefu wa pili kwenye mstari wa lansifranki, pivo ageuke, apokee kwa juu upande wa kikapu.

Njia ingine, ya haraka zaidi: pivo anamuwekea mlinzi wa mwenye mpira kizuizi, kisha anakimbilia kikapu. Ama anawahi kufika mbele wakati wapinzani wangali wanarudi.

Mpira ukishafika, wengine wasisimame kutazama. Nikola Jokić wa Denver, bingwa wa NBA 2023, anaumiza watu kwa pase zake sababu wenzake wanakata kuelekea kikapu. Nafasi ikikosekana, pivo arudishe mpira nje, ajipange tena, na apewe mara ya pili. Hapo njo ekipe nyingi zinamusahau.