Mtu Aliyepotewa na Kumbukumbu

Wengi wetu huidhania kumbukumbu kuwa ni kasha moja: jambo hutiwa ndani, kifuniko kikafungwa, nalo hutolewa siku linapohitajiwa. Mimi nami nilidhani hivyo, na kila mwanafunzi aliyeshindwa kujibu swali nilimhukumu kuwa kasha lake ni tupu. Aliyeufichua upungufu wa fikira hii hakuwa mwalimu wala mwanachuoni, alikuwa mgonjwa.

Jina lake ni Henry Molaison, Mmarekani wa jimbo la Connecticut, aliyezaliwa mwaka wa 1926. Tangu utotoni aliteswa na kifafa, na ugonjwa ukazidi hata akashindwa na kazi. Mwaka wa 1953, alipokuwa na umri wa miaka 27, daktari William Scoville alimpasua mjini Hartford, akamwondolea sehemu ya ndani ya ubongo, kuume na kushoto, pamoja na sehemu kubwa ya kile kiungo kidogo kilichopinda kiitwacho hipokampasi. Kifafa kilipungua sana. Lakini tangu siku hiyo jambo jipya halikukaa tena katika fahamu zake. Alikula akasahau kuwa amekula. Alisoma gazeti lile lile kana kwamba ndiyo kwanza limefika.

Hata hivyo hakuwa mjinga. Akili yake ilikuwa timamu, mazungumzo yake ya adabu, na utoto wake aliukumbuka. Namba aliweza kuishika maadamu aliirudiarudia moyoni; akivutwa na jambo jingine, ilitoweka. Kumbe kulishika jambo kwa kitambo na kulihifadhi kwa miaka ni kazi mbili.

Kisha Brenda Milner, mtaalamu wa elimu ya nafsi kutoka Montreal, alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake katika kioo tu. Ijaribuni, enyi wasomaji, mwone jinsi mkono unavyokataa kutii! Henry aliifanya siku tatu, na makosa yakapungua siku hata siku. Ya tatu alichora vizuri, ingawa hakuwa na habari kwamba amepata kuiona kazi ile. Mkono ulijua jambo ambalo mwenyewe hakulijua. Ndipo ilipodhihirika kuwa kumbukumbu ya ustadi, kama wa kusuka ukili au kupanda baiskeli, ina njia yake, mbali na ile ya majina na matukio.

Elimu hii ilipatikana kwa gharama kubwa, na si haki kulipita jambo hilo haraka. Scoville mwenyewe aliwaonya madaktari wenziwe wasiurudie upasuaji ule. Henry alikubali kupimwa kwa miaka 50 na zaidi, akitumaini kuwa yatakayojulikana kwake yatawafaa wengine. Milner, aliyemjia mwaka baada ya mwaka, kila mara alipokewa kama mgeni. Vitabuni aliitwa kwa herufi mbili tu, H.M.; jina lake halikutangazwa mpaka alipofariki tarehe 2 Desemba 2008, akiwa na miaka 82.