Sauti ya Bibi kwa Kasi ya Moja na Nusu

Bibi yangu hajui kuandika ujumbe kwenye simu, lakini kutuma sauti anajua kuliko sisi sote. Hubonyeza kitufe, akaongea mpaka maneno yamwishie, ndipo akiachie. Ujumbe wake mfupi ni wa dakika nne. Kwa zaidi ya mwaka mzima nilikuwa nikiusikiliza kwa kasi ya moja na nusu.

Sijivunii jambo hilo. Lilianza nikiwa hosteli Dar es Salaam, usiku, nimechoka, sauti zake tatu zinanisubiri WhatsApp. Nikagusa ile alama ya 1.5, bibi akaanza kuongea kama mtangazaji wa mpira. Nikacheka. Kesho yake nikafanya hivyo tena, na mwishowe kasi yake halisi ikawa inanichosha. Niliona anaburuta maneno.

Bibi anaishi Msimbati, Mtwara, karibu na pale Mto Ruvuma unapoingia baharini. Nami nimekulia huko huko, kwa hiyo aliyekuwa akiburuta maneno hapo zamani ni mimi pia. Nilipokuja Dar kusoma shahada ya kwanza, siku moja nilisimama darasani kuwasilisha kazi ya kikundi. Sikumaliza ukurasa wa kwanza, sauti ikatoka nyuma: "Kaka, ongeza gia, tutafika usiku!" Mwingine akadakia kwamba watu wa kusini tunaongea kama tunahesabu korosho. Darasa likacheka, na mimi nikacheka nao. Baada ya miezi michache hakuna aliyeweza kujua nimetoka wapi mpaka nimwambie.

Utani huo una historia yake. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, safari ya Dar kwenda Mtwara ilitegemea pantoni ya Rufiji, na wakati wa masika mtu angeweza kulala njiani siku kadhaa. Kusini kulikuwa mbali, kila kitu kilichelewa kufika, na ni rahisi watu wa mahali pa namna hiyo kudhaniwa wanachelewa hata kinywani.

Lakini je, ni kweli tunaongea polepole? Mwaka 2019 watafiti walioongozwa na Christophe Coupé walichapisha utafiti wa lugha 17 za Ulaya na Asia. Walikuta kwamba Wajapani hutamka silabi nyingi sana kwa sekunde na Wathai hutamka chache, lakini kila silabi ya Kithai hubeba habari nyingi zaidi. Mwisho wa hesabu, lugha zote zilipeleka habari kwa mwendo unaokaribiana, wastani wa biti 39 kwa sekunde. Hakuna hata lugha moja ya Afrika katika zile 17, kwa hiyo siwezi kuutumia utafiti huo kumtetea bibi. Ulinifundisha kitu kimoja tu: anayeonekana mwepesi wa ulimi si lazima awe amesema mengi, na anayeonekana mzito huenda kuna kitu anakibeba. Nilichukua muda mrefu kujua bibi alikuwa anabeba nini.

Naandika tasnifu ya umahiri katika historia. Mada yangu ni watu waliokuwa wakivuka mlango wa Ruvuma kuanzia miaka ya 1960. Mto huo haukuwa mpaka tangu mwanzo. Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno walikubaliana utenganishe makoloni yao. Mwaka 1894 Wajerumani wakavuka wakaichukua Kionga, upande wa kusini wa mlango wa mto. Mwaka 1916, Vita Kuu ikiendelea, Wareno wakaiteka, na mwaka 1919 mataifa yaliyoshinda yakawathibitishia kuwa ni yao. Mtu aliyezaliwa Kionga mwaka 1894, bila kuhama nyumba ya baba yake, alikuwa ametawaliwa na Mjerumani na Mreno kabla hajatimiza miaka 23.

Usemi wa watu haukufuata bendera. Ukitoka Mikindani utawakuta Wamaraba na Kimakonde chao cha pwani. Ukivuka mto, Kionga na Palma, watu wanasema Kimakwe, na wasemaji wake wapo hata upande wetu. Shuka zaidi mpaka Ibo na visiwa vya Kirimba, utakuta Kimwani, kinachofanana na Kiswahili kiasi kwamba wanaisimu wamebishana kama ni lahaja yake au ni lugha kamili. Kiswahili cha pwani hii ya kusini kimetajwa katika orodha za lahaja kwa jina la Kimgao. Watu hawa walioana, walivua pamoja, na kila mmoja alimsikia mwenzake.

Bibi ni wa hapo hapo. Alizaliwa upande wa Kionga katika miaka ya 1950, lugha yake ya kwanza ni Kimakwe, na Kiswahili amekisema maisha yake yote. Alikuwa msichana mdogo FRELIMO ilipoanza vita vya ukombozi huko Chai, Cabo Delgado, tarehe 25 Septemba 1964. Maelfu ya watu walivuka Ruvuma kuja Tanzania. Nilijua familia yetu nayo ilivuka, lakini sikujua lini wala kwa nini. Nikamtumia sauti nikimuuliza: bibi, nyinyi mlivuka kwa sababu ya vita?

Akanijibu, na mimi nikamsikiliza kwa kasi yangu ya kawaida. Akanitania kama bibi wote wanavyowatania wajukuu wao wa kiume: "Hapana, mume wangu. Sisi hatukuvuka kwa sababu ya vita. Tulikuja baadaye."

Nilifurahi kama mtu aliyeokota pesa. Vitabu vingi nilivyosoma vinaeleza kuvuka huko kama habari ya wakimbizi tu, na hapa nilikuwa na shahidi anayesema vita haikuwa sababu. Nikaandika kurasa sita. Nikasema kwamba baadhi ya familia zilihama kwa mwendo wao wenyewe, zikifuata ndugu na uvuvi, na kwamba tumeipa vita uzito kuliko inavyostahili. Msimamizi wangu aliandika pembeni: "Hoja nzuri." Nilikisoma kile kisehemu mara nyingi kuliko inavyofaa mtu kusoma maandishi yake.

Aliyenishtua ni rafiki yangu wa chumba cha pili, anayesoma isimu. Alikuja kuomba chaja akanikuta nanukuu sauti za bibi. Akauliza mbona mwanamke huyu anakimbizwa. Nikamweleza. Akaniomba nimpigie ile sauti kwa kasi yake halisi. Akasikiliza, akaomba tena, kisha akauliza bibi yangu anasema lugha gani nyumbani.

Kumbe Kimakwe kimeandikiwa sarufi. Maud Devos aliichapisha mwaka 2008, na rafiki yangu alikuwa ameisoma. Katika Kimakwe, kama ilivyo katika Kimakonde, irabu ya silabi ya pili kutoka mwisho huvutwa, lakini haivutwi katika kila neno. Huvutwa katika neno linalofunga kirai. Kitenzi kikishikana na neno linalokifuata, hakivutwi. Kikiwa ndicho kinachomaliza kirai, huvutwa. Kiswahili sanifu nacho hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, ila hufanya hivyo karibu katika kila neno, kwa hiyo mkazo peke yake haukwambii kirai kimeishia wapi. Mvuto wa bibi unakwambia. Kwa sikio la Dar ule ni uvivu wa ulimi. Kwa aliyezaliwa Kionga, ile ni nukta na mkato.

Akachukua kalamu yangu akaandika sentensi mbili:

Sisi hatukuvuka kwa sababu ya viita.

Sisi hatukuvuuka kwa sababu ya viita.

Ya kwanza ni kirai kimoja: tulivuka, lakini si kwa sababu ya vita. Ya pili ni virai viwili: hatukuvuka, na kilichotuzuia ni vita. "Sasa sikiliza bibi yako," akaniambia. Nikasikiliza. Alikuwa amesema ya pili. Ile uu ilikuwa ndefu kiasi kwamba mtoto angeisikia. Nilikuwa nimeibana kwa kidole, na pale ambapo sikuibana, sikio langu lilikuwa limeshafundishwa kuipuuza.

Kufundishwa huko nako kuna historia. Edward Steere, aliyechapisha kitabu cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, ndiye huyo huyo aliyeongoza msafara wa watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja, ukapitia Lindi mwaka 1876 kwenda kuanzisha makazi ya misheni Masasi. Kiswahili cha Unguja kikaingia bara ya kusini na misheni, wakati watu wa pwani ya Ruvuma walikuwa na chao. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ukachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaanzishwa kamati ya kukisimamia katika makoloni ya Afrika Mashariki. Lahaja nyingine zikawa vitu vya kutajwa katika orodha.

Hata hati zina sehemu yao. Waliokuwa wakiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu walikuwa na desturi ya kuweka herufi ya irabu ndefu kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kuonyesha mkazo. Haikuwa kanuni ya Kimakwe, lakini angalau jicho lilikumbushwa kwamba pale pana kitu. Herufi za Kilatini ziliacha desturi hiyo, nasi tukakua tukiamini kwamba kisichoandikwa hakimo katika lugha.

Sikilaumu Kiswahili sanifu. Ndicho kilichonifikisha hapa, na ndicho ninachoandikia sasa. Ninachosema ni kwamba tulipochagua usemi wa mji mmoja uwe kipimo, tulichagua pia mwendo wake, kisha tukasahau kwamba tulichagua.

Jumapili ile nikampigia simu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaaba. Leo umepata nafasi?"

Nikamuuliza upya, na safari hii nikanyamaza. Akasema baba yake alikataa kuvuka. Wareno walikuwa wanaulinda mto, na mtumbwi ukionekana usiku ulipigwa risasi. Shangazi yake alivuka na watoto wawili, wao wakabaki. Baadaye walihamishwa pamoja na majirani wakawekwa kwenye kijiji chenye ulinzi wa askari, kama Wareno walivyofanya sehemu nyingi za Cabo Delgado ili watu wasiwape FRELIMO chakula. "Jioni tunahesabiwa kama mbuuzi," akasema. Waliishi hivyo mpaka Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975, ndipo wakavuka kumtafuta shangazi. Walikuta ameshafariki. Wale watoto wawili walikuwa wakubwa, wakiongea Kiswahili cha shule.

Nilikuwa nimeandika kwamba familia hiyo ilihama kwa mwendo wake yenyewe.

Nikamwambia bibi nimekosea, niliandika kinyume. Hakukasirika. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Mbona nilikuambia?" Kisha akaongeza kwamba hata mimi siku hizi akinisikiliza anashindwa kunishika, naongea kama ninafukuzwa.

Nimezifuta zile kurasa sita. Msimamizi alisikitika kidogo, kisha akaniambia hoja mpya ni ngumu zaidi na ina ushahidi zaidi. Nimerudia kunukuu sauti zote za wazee niliozikusanya Msimbati na Kilambo, kwa kasi waliyoongea wenyewe, na kila irabu iliyovutwa naiandika mara mbili. Kazi hiyo imenigharimu miezi minne niliyokuwa nimeipangia mambo mengine. Nimekuta sehemu nyingine tatu nilizogeuza maana, ingawa hakuna iliyoniuma kama ile ya bibi.

Naandika haya pia kwa sababu mto haujatulia. Tangu mwaka 2017 vita vingine vimewaka Cabo Delgado, na baada ya Palma kushambuliwa mwezi Machi 2021 watu walikimbilia tena Ruvuma. Wengi wao ni wasemaji wa Kimakwe, Kimwani na Kimakonde, wenye Kiswahili kama cha bibi yangu. Mtu akifika ng'ambo ya mto huulizwa amevuka lini na kwa nini, na katika jibu lake kuna silabi moja inayoweza kumfanya mkimbizi au mtembezi. Anayeshika kalamu mbele yake pengine ni kijana wa rika langu, ana watu wengi wa kuwahoji, jua linazama, na moyoni anamwomba mtu huyo aongeze gia kidogo. Ningemwomba amwache amalize.