Fahali mwenye mapigo manne

Wiki hii naweka kando mambo ya seva na hifadhidata, nataka kuandika historia. Tena historia ya ng'ombe dume. Si yule anayepelekwa Dagoretti kuchinjwa, bali Tauros, fahali mwenye mikia mitatu katika mchezo wa Pokémon. Nimeishi na swali moja kumhusu kwa muda mrefu: kwa nini wachezaji wa mchezo wa mwaka 1996 bado wanampa mapigo yaleyale manne, na kwa nini karibu kila timu ina yeye?

Kwa wale ambao hawajawahi kuucheza: unakusanya viumbe sita, kisha unapigana na mwenzako mwenye sita wake. Zamu kwa zamu, kila mmoja anachagua pigo. Matoleo ya kwanza, Red na Green, yalitoka Japani mwezi Februari 1996, yakafika Marekani Septemba 1998 kama Red na Blue. Waliyatengeneza Game Freak, kampuni ya Satoshi Tajiri, na programu ya mapambano iliandikwa na Shigeki Morimoto. Kiumbe anaweza kujifunza mapigo mengi maishani mwake lakini hubeba manne tu. Akitaka la tano, lazima asahau moja. Kazi ya kuchagua hayo manne ndiyo ninayoiita hapa kutengeneza seti.

Sasa sisi watu wa programu tuangalie ndani. Game Boy ilikuwa na prosesa ya biti 8 na kumbukumbu ya kilobaiti 8. Kila kiumbe katika timu alihifadhiwa kwa baiti 44. Baiti nne ni za mapigo, moja kwa kila pigo, na nne nyingine ni za kuhesabu mara ambazo kila pigo limebaki. Hizo za kuhesabu zinafurahisha kidogo: biti 6 za chini zinashika hesabu, na biti 2 za juu zinakumbuka mara ulizoliongeza pigo. Biti 6 haziwezi kuvuka 63. Ndiyo maana pigo la mara 40, ambalo kihesabu lingepanda hadi 64, linaishia 61. Mchezaji anaona 61 na kushangaa, kumbe ni biti tu zimemwishia Morimoto.

Haya, turudi kwa fahali wetu. Katika kizazi cha kwanza Tauros ana alama za msingi 75 za uhai, 100 za shambulio, 95 za kinga, 110 za kasi na 70 za nguvu maalum. Si alama za kutisha. Wapo wenye shambulio kubwa kumshinda, na wenye kasi kumshinda. Lakini hana udhaifu mkubwa popote, na anajifunza mapigo ya kila namna.

Seti yake ni hii: Body Slam, Hyper Beam, Earthquake, Blizzard. Body Slam ndiyo kazi ya kila siku, nguvu 85 na nafasi ya asilimia 30 ya kumpooza adui, na aliyepooza hubaki na robo ya kasi yake. Hyper Beam ni ya kumalizia, nguvu 150. Hizo mbili ni za aina ya Normal kama fahali mwenyewe, hivyo zinaongezewa nusu ya nguvu. Tatizo ni kwamba Gengar hagusiki kabisa na Normal, na wenye miili ya mawe kama Rhydon na Golem hupokea nusu tu. Hao wote watatu Earthquake inawaumiza. Anabaki Zapdos, anayeruka na kwa hiyo haguswi na tetemeko, na Exeggutor, mti wa minazi wenye akili nyingi. Blizzard inawapiga wote wawili vizuri. Wako wanaoweka Thunderbolt au Fire Blast mahali pa Blizzard kwa ajili ya maadui fulani, lakini mimi naona wanalipa gharama kubwa kwa faida ndogo.

Mpaka hapo seti inaeleweka hata kwa mtu aliyesoma kitabu cha maelekezo tu. Lakini mapigo hayo manne hayatoshi kueleza ufalme wa fahali. Ufalme wake umetoka mahali pengine: katika makosa na njia za mkato za msimbo.

La kwanza ni pigo kali, lile ambalo kwa bahati huumiza karibu mara mbili. Katika michezo ya baadaye bahati hiyo ni moja kwa wote. Katika mchezo huu wa kwanza inatokana na kasi ya msingi: gawa kwa 2, halafu uweke juu ya 256. Tauros ana kasi 110, kwa hiyo anapata 55 kwa 256, zaidi ya pigo moja katika kila matano. Snorlax, mwenye kasi 30, anapata 15 kwa 256. Kasi ikawa inalipa mara mbili: unapiga wa kwanza, na unapiga kwa ukali mara nyingi zaidi.

La pili ni Hyper Beam. Ukiitumia, zamu inayofuata unapumzika, na huo ndio ulipaji wake. Ila katika kizazi cha kwanza, ukimwangusha adui kwa Hyper Beam hupumziki. Yaani pigo lake zito kuliko yote, ukilipiga wakati sahihi, ni la bure.

La tatu ni nguvu maalum. Alama moja ilitumika kwa kushambulia na kujikinga pia. Blizzard ya Tauros ilitegemea zile 70, ambazo si nyingi lakini zinatosha. Na Blizzard yenyewe ilikuwa inalenga kwa asilimia 90, pamoja na nafasi ya kumgandisha adui. Aliyeganda hakuyeyuka mwenyewe hata mkicheza mpaka asubuhi. Alihitaji kupigwa na pigo la moto.

Waswahili wanasema fahali wawili hawakai zizi moja. Hapa wanakutana karibu kila pambano, kwa sababu kila upande umemleta wake na kumhifadhi kwa ajili ya mwisho. Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu. Kiwango cha 100, alama zikiwa zimejazwa zote: uhai 353, shambulio 298, kinga 288, kasi 318. Shambulio na kinga zimevuka 255, hazienei katika baiti moja, kwa hiyo mchezo unazigawa zote kwa 4 na kutupa mabaki: zinakuwa 74 na 72. Ukiendelea na fomula, Body Slam inatoa kati ya 95 na 112. Hyper Beam inatoa kati ya 166 na 196.

Angalia sasa. Body Slam mbili na Hyper Beam moja, zote zikiwa na bahati mbaya kabisa: 95 na 95 na 166 ni 356. Uhai ni 353. Zimezidi kwa alama tatu! Hakuna aliyepanga hivyo pale Game Freak, lakini wachezaji waliligundua na wakaishi nalo: slamu, slamu, kisha mwale, na fahali wa pili yuko chini bila wewe kupumzika. Kumpooza hawezi, maana Body Slam katika kizazi hiki haipoozi viumbe wa Normal. Kasi ni sawa, 318 kwa 318, kwa hiyo mchezo unarusha shilingi kila zamu kuamua nani atangulie. Na juu ya yote kuna zile 55 kwa 256. Hyper Beam ikitoka kali inatoa kati ya 324 na 381, maana yake karibu nusu ya mara inamwangusha fahali mzima asiye na jeraha lolote.

Watu waliyajuaje haya? Skrini ya kizazi cha kwanza inakuonyesha jina la pigo, aina yake, na mara zilizobaki. Nguvu haionyeshi, ulengaji hauonyeshi. Ilibidi watu wapige hesabu kwa majaribio, na baadaye wafungue kaseti wasome msimbo wenyewe. Hata ndani ya tasnia ilikuwa hivyo. Satoru Iwata, wakati huo rais wa HAL Laboratory, alihamishia mfumo wa mapambano kwenye Pokémon Stadium ya Nintendo 64 kwa kusoma msimbo wa Red na Green. Baadaye, katika mazungumzo yaliyochapishwa na Nintendo yenyewe, Morimoto alisimulia mshangao wake: kazi iliyomchukua muda mrefu kuiandika, Iwata aliihamisha kwa takriban wiki moja. Rais wa kampuni! Nani kati yetu ana bosi wa kumpa msimbo wa assembly Ijumaa jioni?

Kutengeneza fahali kamili kwenye kaseti halisi ilikuwa kazi ya kuchosha. Tauros anapatikana Safari Zone, huonekani naye mara nyingi, na hukimbia. Earthquake inafundishwa kwa mashine inayotumika mara moja, na kaseti nzima inakupa mashine hiyo moja tu. Blizzard na Body Slam vivyo hivyo. Ukitaka viumbe wawili wenye Earthquake ya mashine, tafuta kaseti ya pili, Game Boy ya pili na waya wa kuziunganisha. Kwetu Jericho, kupata Game Boy moja tu ilikuwa hadithi. Mimi mchezo huu niliujua kwa programu ya kuiga Game Boy kwenye kompyuta, ambapo unampiga kila mtu wa ndani ya mchezo na kujiona bingwa, na huna binadamu wa kupigana naye.

Ndiyo maana nawaheshimu sana waliotengeneza simuleta. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kulikuwa na NetBattle, kisha Shoddy Battle, na mwaka 2011 Guangcong Luo, anayejulikana kama Zarel, akaanza Pokémon Showdown, inayofunguka ndani ya kivinjari. Unaandika mapigo manne, unabonyeza, unapigana. Jumuiya ya Smogon, iliyoanza 2004, ikawa ndipo seti zinajadiliwa na kuandikwa. Pambano zima ni maandishi machache yanayopita, bando la shilingi kidogo linatosha. Kijana wa Jericho akiwa na simu anapigana na mtu wa Osaka kwa fahali waleule, wenye alama zilezile 298 na 318.

Hapa ndipo penye ubishi ninaoupenda. Ukiandika simuleta ya mchezo wenye kasoro, unaiga kasoro? Mfano maarufu: pigo la ulengaji wa asilimia 100 limehifadhiwa kama 255. Mchezo unachagua namba kati ya 0 na 255, na pigo linafika ikiwa namba hiyo ni ndogo kuliko 255. Ikitoka 255 yenyewe, umekosa. Body Slam ya uhakika inakosa mara 1 kwa 256, kwa sababu mtu aliandika "ndogo kuliko" badala ya "ndogo kuliko au sawa". Kila mmoja wetu anaijua kasoro ya namna hiyo.

Showdown imeiacha. Ukifungua folda yake ya gen1 utaona kazi kubwa ya kuiga makosa kwa makini, pamoja na Focus Energy, pigo lililokusudiwa kuongeza nafasi ya pigo kali lakini likaipunguza. Wakati huohuo wachezaji wamekubaliana kanuni ambazo kaseti haizijui: usilaze zaidi ya kiumbe mmoja, usigandishe zaidi ya mmoja. Kwa hiyo makosa mengine wameyafunga na mengine wameyaacha, na mtu mgeni anaona ni ukaidi. Mimi naona wako sahihi. Nenda pale wanapocheza drafti kwa vizibo vya soda karibu na soko la Jericho, uwaambie kanuni yao fulani haimo kwenye kitabu. Watakuuliza kitabu kinacheza lini. Fahali huyu amejengwa juu ya msimbo ulivyo. Ukirekebisha kugawa kasi kwa 2, au ukaondoa Hyper Beam ya bure, utakuwa na mchezo safi zaidi na mnyama mwingine kabisa.

Na hilo tunalijua kwa sababu lilifanyika. Gold na Silver zilitoka Japani Novemba 1999. Pigo kali la kawaida likawa 17 kwa 256 kwa kila mtu. Hyper Beam ikadai mapumziko hata ukiua. Blizzard ikashushwa hadi asilimia 70. Nguvu maalum ikagawanywa mbili, na Tauros akabaki na 40 za kushambulia, kwa hiyo barafu yake ikawa maji baridi. Wakaja viumbe wa chuma kama Skarmory, anayepunguza mapigo ya Normal na kwa kuwa anaruka hajali tetemeko. Kasi yake na shambulio lake havikuguswa hata alama moja, lakini kiti kikachukuliwa na Snorlax, yule mnono mwenye 15 kwa 256, ambaye sasa alikuwa na Curse ya kujijenga na kinga maalum ya 110.

Kizazi cha kwanza bado kinachezwa, na fahali bado yumo na seti yake ileile. Anayetaka kuona kwa macho yake atafute mradi wa pokered, ambako watu wameurudisha mchezo wote kuwa assembly inayosomeka, afungue core.asm kwenye folda ya engine/battle. Ni faili refu, andaa chai. Ukifika penye mgawanyo wa kasi, niandikie tujadiliane, hasa kama unadhani Thunderbolt inastahili ile nafasi ya nne.